Mkanda usiolia

Leo naomba tuiweke siasa pembeni. Nimerudi kutoka Shinyanga na Geita, nilikaa huko wiki mbili, na kitu ninachotaka kukusimulia si dhahabu. Ni mkanda wa mpira. Namaanisha ule mkanda wa taimingi uliofichwa ndani ya injini, ambao wengi wetu tunaopanda daladala kila siku hatujawahi kuuona kwa macho. Swali lake ukilisikia ni dogo tu: ubadilishwe lini? Lakini kuna nyumba ambako swali hilo likijibiwa vibaya, mtoto anarudishwa kutoka chuo.

Nianze na nyumba yenyewe. Mama yangu mdogo anaishi Shinyanga mjini, upande wa Ngokolo. Mumewe, baba yangu mdogo, alifariki mwaka 2023. Alimwachia nyumba ambayo haijapigwa ripu, watoto watatu, na Hiace moja ya dizeli yenye injini ya 3L, inayobeba abiria kati ya Shinyanga na Kahama. Hiyo Hiace ndiyo mshahara wa nyumba. Jioni dereva analeta hesabu, mama mdogo anaigawa mezani: hii ya unga, hii ya kikoba, hii ya matengenezo, hii ya binti aliyeko chuo mwaka wa pili, maana mkopo wa bodi haumtoshi.

Baba mdogo alilijua lile gari kama Msukuma anavyomjua ng'ombe wake. Alijua oili ilimwagwa lini, tairi ipi ilizibwa wapi, mlio upi ni wa kawaida na upi ni wa ugonjwa. Tatizo ni kwamba yote hayo aliyaweka kichwani. Hakuna daftari. Na zile namba za kilometa kwenye dashibodi zilishakufa zamani, hazisogei hata ukienda Kigoma na kurudi.

Sasa basi, siku moja gari likiwa gereji kwa ajili ya breki, fundi akauliza: "Mama, mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?" Dereva kimya. Konda kimya. Mama mdogo ndiyo kabisa, alikuwa hajawahi hata kulisikia hilo neno. Fundi akamwambia aufikirie kubadilisha. Dereva akamwambia injini iko safi, asubiri, fundi anatafuta hela. Na hela iliyokuwepo ndani wiki ile ilikuwa ya ada. Akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi kazi yako si kuuliza watu maswali? Basi njoo uniulizie na mimi la kwangu."

Nikaenda kuuliza.

Kwanza nikataka kujua huo mkanda unafanya nini. Fundi mmoja mzee pale Shinyanga alinieleza kwa vidole vyake viwili vyenye grisi. Ndani ya injini kuna vitu viwili vinavyocheza muziki mmoja. Chini kuna pistoni, zinapanda na kushuka na kuzungusha krenki. Juu kuna valvu, zinafunguka na kufunga kuingiza hewa na kutoa moshi, zikiendeshwa na kamshafti. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, si zaidi wala si pungufu. Kinachowafunga wasipotezane ni huo mkanda wenye meno. Kwenye 3L unazungusha pia pampu ya dizeli. Akasogeza vidole vikapishana bila kugusana. Kisha akavigonganisha. "Ukikatika, ndiyo hivi."

Kwenye dizeli hali ni mbaya zaidi. Injini ya aina hii inawasha mafuta kwa kuikandamiza hewa mpaka ichemke, takriban mara 22 ya udogo wake, wakati ya petroli ya kawaida ni kama mara 10 hivi. Kwa hiyo pistoni inapanda mpaka juu kabisa, na nafasi inayobaki kati yake na valvu ni ya kukwaruzana tu. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, krenki bado inazunguka lakini valvu zimesimama zilipo, nyingine wazi. Pistoni inazigonga, zinapinda. Hapo ni kufungua silinda hedi, kununua valvu, na ukiwa na bahati mbaya kamshafti au pistoni nazo zimekwenda. Na abiria wako wamekaa chini ya mwarobaini katikati ya Tinde na Isaka, jua la saa nane, wakidai nauli yao.

Nikamuuliza fundi gharama, akanipigia mahesabu kwa kipimo ambacho mama mdogo anakielewa. Mkanda, tenshena na kazi yake: hesabu za siku nne. Hedi ikipigwa: hesabu za miezi miwili, ukiacha zile siku ambazo gari limelala na hakuna hesabu yoyote inayoingia.

Ukisikia hivyo unasema, sasa kuna mjadala gani hapa? Si abadilishe tu? Na mimi ndivyo nilivyofikiri mpaka nilipofika Geita.

Kilichonipeleka Geita kilikuwa kazi nyingine, habari ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu. Lakini pale kwenye makarasha, kelele zikiwa nyingi kiasi kwamba mnazungumza kwa mikono, nilielewa kwa nini watu wa ukanda ule wanamcheka fundi anayetaka kubadilisha mkanda ambao haujakatika. Kila mmoja pale anaijua mikanda. Karasha la kusaga mawe linazungushwa na mikanda iliyo wazi, mbele ya macho yako. Ukilegea unalia, unaukaza. Ukichoka unaanza kuchanika pembeni, unauona. Ukikatika, karasha linasimama, unafunga mwingine, kazi inaendelea. Hasara yake ni saa moja na soda ya fundi. Mtu aliyekulia hapo, au aliyefanya kazi hapo kabla ya kupata leseni ya udereva, ukimwambia "mkanda" anaelewa kitu kinachoonya kabla na kinachosamehe baadaye. Hata feni beliti ya gari ina tabia hiyo hiyo, asubuhi ikiwa imelegea inapiga kelele mtaa mzima unasikia.

Mkanda wa taimingi haulii. Umefunikwa na kava, una meno kwa hiyo hautelezi, na siku yake ya mwisho unafanya kazi vizuri kama siku ya kwanza. Hapo ndipo dereva wa mama mdogo alipokuwa anasema kweli bila kusema yote. "Injini iko safi" ni kweli. Injini itakuwa safi mpaka sekunde ile.

Nilirudi Shinyanga nikiwa na swali la pili: kama hauonyi, watu wanajuaje? Jibu ni kwamba wanahesabu. Toyota kwa injini kama hizi inataja kilometa 100,000. Land Cruiser zile za mkonga zenye injini ya 1HZ, ambazo utaziona nyingi tu kwenye halmashauri na migodini, vitabu vya baadhi ya masoko vinasema 100,000 na vya mengine 150,000. Magari mengi ya dizeli ya Toyota yana mpaka taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, inawaka ukitimiza 100,000. Lakini hebu isikudanganye, ile taa haiuoni mkanda. Inahesabu kilometa tu tangu ilipozimwa mara ya mwisho, na kuizima ni suala la kubonyeza kitufe au kuhamisha skrubu, inategemea gari. Mtu anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Na kama namba za kilometa zimekufa, kama za Hiace yetu, hiyo taa nayo usiitegemee.

Nilijaribu kuelewa hizo 100,000 ni nini hasa. Chukua kalamu. Gari likienda mwendo wa 60 kwa saa, kila kilometa ni dakika moja. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, basi kilometa 100,000 ni mizunguko milioni 250 ya krenki. Mpira, wenye nyuzi za kioo ndani yake, unapinda na kunyooka muda wote huo kwenye joto. Hapo huhitaji kuwa injinia kukubali kwamba utachoka.

Halafu kuna kitu hakimo kwenye kilometa. Umewahi kukaa stendi ya Kahama ukisubiri gari lijae? Dereva anawasha injini, anapiga resi, anasogea hatua mbili, anarudi nyuma, mpiga debe anapiga bodi akisema gari inaondoka hiyo. Haiondoki. Ni kuwatega abiria. Sasa injini ikiunguruma pale kwa mizunguko 750 kwa dakika, kwa saa moja mkanda umezunguka sawa na kilometa 18 za barabarani. Saa mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni kilometa 10,800 ambazo gari halikwenda popote. Ndiyo maana watengenezaji wanashauri magari ya teksi na mengine yanayounguruma sana yakiwa yamesimama yabadilishwe mkanda mapema.

Na kuna upande wa pili wa shilingi: gari lisilotembea kabisa. Ulaya kuna wazee wastaafu wanaomiliki magari-nyumba, yenye kitanda na jiko ndani, mengi yametengenezwa juu ya magari ya mizigo ya dizeli. Wanasafiri nayo wiki chache za kiangazi, miezi mingine yamelala uani. Gari la miaka kumi na tano lina kilometa 40,000 tu. Mwenye nalo anajiuliza, mkanda wangu si bado mpya? Si mpya. Mpira unazeeka hata ukikaa, ndiyo maana mbali na kilometa hutajwa pia umri, mara nyingi kati ya miaka 5 na 10. Usicheke, hapa kwetu tunayo ya aina hiyo: Hiace ya kwaya, inayotoka Jumapili na kwenye misiba. Na yale magari tunayoagiza Japani tukifurahia kilometa chache yana swali hilo hilo. Mengine yana stika ndogo ndani ya boneti, imeandikwa Kijapani, yenye tarehe na kilometa za siku mkanda ulipobadilishwa. Wengi tunaibandua siku ya kwanza kuosha injini.

Vijana wa stendi ya Geita waliniambia napoteza muda, siku hizi magari hayana mkanda. Kwao ni kweli kabisa. Ile michomoko yao, Probox na IST, injini zake zinatumia mnyororo wa chuma badala ya mkanda. Mnyororo nao unachakaa, lakini kwa kawaida unapiga kelele kwanza. Ubaya ni kwamba dereva aliyejifunzia kwenye mchomoko, akipewa Hiace ya zamani aendeshe kama deiwaka, anakuja na imani yake ile ile.

Mtu aliyenifungua macho zaidi ni fundi aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa mgodini kabla ya kufungua gereji yake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kwenye migodi ya namna ile, aliniambia, mtambo una mita ya saa. Kila kitu kinakwenda kwa saa: saa kadhaa oili, saa kadhaa hosi, saa kadhaa mkanda. Saa zikitimia, kitu kinatolewa hata kama kinang'aa. "Mwanzoni tulikuwa tunaona ni uharibifu," alisema. "Unatoa kitu kizima unakitupa. Baadaye nikaelewa, hawatupi kitu. Wanakataa kubahatisha."

Nikafikiria lile neno njia nzima. Mkoa mmoja, dhahabu ile ile. Upande mmoja wa uzio watu wanahesabu saa, upande wa pili watu wanashuka kwenye maduara wakiamini nyota zao. Siwalaumu wachimbaji wadogo. Kilicho chini ya ardhi huwezi kukihesabu ukiwa huna mashine ya kupimia, kwa hiyo bahati inakuwa ndiyo mashine yako. Na mtu akishazoea kuishi hivyo, anakwenda hivyo hivyo mpaka kwenye vitu ambavyo vina hesabu. Mkanda una hesabu. Huu si mwamba.

Lakini hesabu inataka pa kuanzia, na pa kuanzia kwetu kulizikwa na baba mdogo. Hili ndilo lililokuwa linamnyima usingizi mama mdogo. "Kama aliubadilisha mwezi mmoja kabla hajafariki je? Nitakuwa nimeitupa ada ya mtoto."

Tukakaa na kalamu mezani. Nikamwuliza swali ambalo kila mwandishi anafundishwa: tuache tusichokijua, tunajua nini? Tunajua tangu msiba hakuna mkanda uliobadilishwa, maana kila shilingi ya gereji imetoka mkononi mwake. Tunajua gari linafanya angalau safari moja ya kwenda na kurudi Kahama kwa siku, kilometa 200 na ushee. Siku 26 kwa mwezi ni kilometa 5,200. Miaka miwili ni 124,800. Punguza siku za matengenezo, punguza siku za mvua, ongeza kule kuunguruma stendi. Bado tuko pale pale, kwenye 100,000 au juu yake. Kwa hiyo hata kama marehemu aliubadilisha asubuhi ya siku aliyofariki, muda wake umekwisha. Hatukuhitaji kujua alichokijua.

Mama mdogo aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema atakopa kikoba kwa ajili ya mkanda, ada isiguswe, atalipa kidogo kidogo kwa hesabu. Dereva akanuna, maana siku ya gereji na yeye hapati kitu. Nadhani hapo ndipo penye fundo lenyewe. Dereva analipwa kwa leo, mwenye gari analipa kwa kesho, na mkanda uko katikati yao. Tukakubaliana siku hiyo asidaiwe hesabu na apewe hela ya chakula. Akaja kusaidia kushika tochi.

Tulinunua mkanda mpya, si wa mtumba. Injini ya mtumba inanunulika, lakini mkanda wa mtumba ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Fundi alibadilisha na tenshena, akakagua sili za oili, maana oili ikivuja juu ya mkanda inaulainisha mpira na zile 100,000 hazifiki. Alipanga alama zote, akazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima kabla hajawasha, kuhakikisha hakuna kinachogongana. Ukiona fundi anaruka hatua hiyo, mzuie.

Sasa nikwambie kitu ambacho kwenye hadithi nzuri kisingekuwepo. Mkanda wa zamani ulipotoka, ulikuwa mzuri. Niliukunja, nikaugeuza, nikahesabu meno, yote yapo. Hauna ufa. Dereva akautazama, akamtazama mama mdogo, akacheka kwa adabu. "Mama, si niliwaambia?"

Na hakuna wa kumjibu. Nguvu ya mkanda iko kwenye nyuzi za ndani ambazo macho hayazioni, kwa hiyo huenda ulikuwa umebakiza wiki, huenda umebakiza mwaka. Hatutajua kamwe. Hasara ukiipata kila mtu anaiona, watakuja mpaka majirani kukupa pole. Hasara uliyoizuia haina shahidi hata mmoja. Inabaki deni la kikoba na mkanda mzima mkononi, na watu wanaona umetapeliwa.

Mama mdogo alimjibu kwa upole, kwa ile sauti ya Kisukuma isiyokuwa na haraka: "Baba, mimi sikununua mkanda. Nimenunua tarehe."

Akaomba rangi nyeupe, fundi akaiandika ile tarehe juu ya kava, kwa herufi kubwa. Njiani kurudi akanunua daftari la mistari na kulifunga kwa kamba kwenye droo ya gari, kila safari ya Kahama iwekewe alama moja. Zikifika alama 450, ambazo kwa 200 na ushee za kila safari ni kama kilometa 95,000 hivi, ataanza kutafuta mkanda mwingine, bila kumpigia mtu simu. Dereva ameuchukua ule wa zamani, anafungia mizigo juu ya keria. Binti yuko chuoni.

Wewe msomaji wangu uliyeko Dar, Mwanza au Nairobi, huenda huna Hiace, una Corolla ya mwaka 1998 au RAV4 ya kwanza kwanza, na zote hizo zina mkanda. Leo jioni muulize aliyekuuzia ulibadilishwa lini. Akikujibu "bado mzima huo," jua hajakujibu.